WRX la mkononi linalalamika nini? Dalili, chanzo na kizazi chake

Wanunuzi wengi huanza na swali moja: kizazi gani cha Subaru WRX ni kizuri? Kwa gari la mkononi swali hilo halikufikishi mbali. GDA ya 2004, ya kizazi cha pili, iliyomwagwa oili kwa wakati itaiacha mbali VAB mpya zaidi ya 2016 iliyopita mikononi mwa vijana wa kukimbizana usiku. Uliza hili lililosimama mbele yako linalalamika nini, kisha uangalie ni la kizazi gani, maana dalili moja haina uzito uleule kwa kila kizazi. Mlio ambao kwenye injini ya lita 2.0 ni kelele za baridi tu, kwenye 2.5 unaweza kukugharimu injini nzima.

Ndiyo sababu hapa dalili zimetangulia na vizazi vinafuata nyuma. Baadhi ya dalili nitazipitia mbio kwa kuwa dawa yake ni ya siku moja gereji. Mbili tatu tutakaa nazo.

Lina tundu kwenye boneti, lina bawa, ila halivuti

Chanzo cha kwanza cha kufikiria: si WRX. Yadi za Nairobi na Dar es Salaam zina Impreza nyingi za lita 1.5 zilizovishwa boneti yenye tundu, bawa la nyuma na nembo ya pinki ya STI, toleo kali la WRX. Impreza ya 1.5 ni gari zuri la kwenda kazini, ubaya ni kuuziwa kwa bei ya kaka yake. Fungua boneti. Chini ya lile tundu panatakiwa pawe na intakula, kipozeo cha hewa chenye mapezi ya alumini kilicholala juu ya injini. Ukikuta mfuniko wa plastiki, tundu hilo ni pambo.

Kisha soma kibati cha modeli ndani ya chumba cha injini, maana nembo hununuliwa dukani. GC8 ni sedani ya turbo ya kizazi cha kwanza, 1992 hadi 2000, injini EJ20, iliyoanza na nguvu za farasi 240. GDA ni WRX ya kizazi cha pili na GDB ni STI yake, 2000 hadi 2007. Humo mna sura tatu: macho ya mviringo ya mwanzo, macho marefu yaliyokuja mwishoni mwa 2002, na yale makali ya 2005. GD2 na GD3 ni 1.5, hata kama zimevaa suti ya STI. Kizazi cha tatu kilianza 2007 kikiwa hachibeki. Sedani ya STI ilirudi 2010 ikiwa na herufi GVB, gia za mkono na lita 2.0, au GVF, otomatiki na lita 2.5. Jihadhari na Anesis, GE2 na GE3, sedani ya umbo lilelile yenye injini ya 1.5.

Mwaka 2014 WRX ikaacha jina la Impreza. VAB ni STI ya gia za mkono yenye EJ20 ya ukoo uleule wa zamani, VAG ni WRX S4 yenye injini mpya ya FA20, farasi 300, na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. VB ya 2021, yenye FA24 ya lita 2.4, siigusi leo kwa kuwa bado changa.

Mnunuzi wa Kenya akumbuke sheria ya miaka 8 ya uingizaji magari. GC8, GDB au GVB utakayoionyeshwa Nairobi imo nchini miaka mingi, kwa hiyo historia yake iko kwa wenye nayo wa hapa na mafundi wao. Huko ndiko uende kuuliza. Tanzania gari kuukuu linaingia, ila linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa linaloagizwa, dai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja likiwa R au RA, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Si lazima ulikatae, ila ujue unanunua nini.

Injini inagonga

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Boneti yenye joto saa mbili asubuhi ina maana kuna kitu hukutakiwa kukisikia. Mwombe mwenye gari alizime, mkanywe chai, mrudi likiwa limepoa. Asiyetaka hilo amekwisha kujibu.

Sasa washa. EJ, ukoo wa EJ20 na wenzake, ni injini bapa, pistoni zake zimelala, na nyingi hupiga "taka-taka" nyepesi zikiwa za baridi. Mlio huo ukififia kadiri sindano ya joto inavyopanda, ni pistoni inayocheza kidogo ndani ya silinda kabla chuma hakijatanuka. Unaudhi, hauui. Ukiusikia kwenye GC8 au GDA yenye kilomita nyingi, endelea na ukaguzi.

Wa kuogopa ni mlio wa kinyume chake. Unatoka chini, mzito, "gong-gong-gong", hausikiki injini ikiwa ya baridi na unajitokeza ikishapata moto. Shikilia mzunguko wa 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, kisha achia mafuta taratibu. Ukiusikia unapoachia, hizo ni beringi za konrodi. Hapo injini imenoki au iko njiani kunoki. Hakuna dawa ya chupa, hakuna oili nzito ya kuifunika, ni kushusha injini na kuifumua.

Chanzo karibu kila mara ni oili. Injini hizi zinabeba lita 4 na kidogo tu. Ikipungua lita moja na nusu, halafu dereva akakata kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, na bomba la kunyonyea linavuta hewa. Sekunde chache za hewa zinatosha kukwangua beringi. Bomba lenyewe pia lina aibu yake: kwenye baadhi ya EJ za turbo lilikuwa likipasuka pale lilipochomelewa, likavuta hewa hata sampu ikiwa imejaa. Kuna pia chanzo cha nyumbani kwetu. Fundi anayefungua sampu hupaka silikoni nyingi asubuhi akitaka isivuje jioni. Silikoni iliyojibana ndani inakatika vipande, vipande vinakwenda kuziba chujio la bomba hilohilo. Ukiona sampu iliyozungukwa na utepe mnene wa silikoni nyekundu au ya kijivu uliomwagika nje, jua ndani upo kama huo.

Angalia mambo mengine mawili palepale. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya oili lazima iwake. Kama haiwaki, huenda imezimwa na mtu. Na chomoa kijiti cha oili. Oili iliyo juu sana ya alama ni mbaya sawa na iliyopungua, na kwa Subaru inaweza kuwa na maana ya ajabu: nati ya kumwagia oili ya injini na ile ya giaboksi ziko karibu, na kijana wa kituo cha mafuta asiyezijua humwaga ya giaboksi kisha akaongeza ya injini juu ya iliyokuwemo. Injini inabaki na oili maradufu, giaboksi inabaki kavu.

Kwa vizazi, lawama nzito inaangukia 2.5 za turbo, yaani EJ255 na EJ257. Kwa gari la Japani la usukani wa kulia utaikuta hasa kwenye STI za otomatiki kama GVF. Gari la usukani wa kushoto ni habari nyingine. WRX za soko la Marekani zilihamia 2.5 kuanzia modeli ya 2006, na STI za huko zilianza nayo 2004. Kwa hiyo anayenunua Goma au Bukavu gari lililotoka Marekani asikilize mara mbili.

Iko kelele ya tatu, ya kopo, inayosikika kwenye mzunguko mmoja tu kisha inatoweka. Hizo ni bati za kuzuia joto za ekzosi, zimelegea boliti. Dawa ni kibanio cha chuma na nusu saa ya fundi, na ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei na muuzaji asiyejua ni nini.

Oili inapungua, moshi unatoka

Soma rangi na wakati. Moshi wa bluu unaotoka baada ya gari kukaa linaunguruma taratibu, kisha ukakanyaga, unaelekeza kwenye sili za turbo au za valvu. Bluu inayoendelea ukipanda mlima ni ringi za pistoni. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mweupe mzito wenye harufu ya utamu ni maji ya rejeta yanaungua, na huo utauona tena kwenye kuchemsha.

Palipo na 2.5 ya turbo kuna ugonjwa mmoja wa kumulika: pistoni kuvunjika kingo pale zinapokaa ringi, mara nyingi silinda namba 4. Gari halizimiki. Linatembea, ila linatetemeka kidogo likisimama, oili inapungua, na mpira wa kupumulia injini unalowa. Jaribio la bure: injini ikiunguruma, legeza mfuniko wa kujazia oili. Kupumua kidogo ni kawaida. Ukirushwa kwa midundo yenye mpangilio, upepo unapita pembeni mwa pistoni moja. Usibishane na mtu hapo, dai kupima kompresheni silinda zote nne. Namba yenyewe hubadilika kwa kifaa na mwinuko wa mahali, Nairobi itasoma chini kuliko Mombasa. Linganisha silinda na wenzake. Moja ikiwa chini mno kuliko tatu zilizobaki, funga boneti urudi nyumbani.

Kinachovunja kingo hizo ni petroli kuwaka kabla ya wakati wake. Injini za Japani za WRX zilipangwa kwa petroli wanayoiita hai-oku, oktani inayokaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, inajitahidi kuchelewesha cheche injini isidhurike, na ukiwa dereva unahisi gari zito kuliko lilivyosifiwa. Gari la kiwandani likiendeshwa kwa adabu linavumilia hali hiyo. Lililochezewa kontroli boksi liongeze nguvu halivumilii. Kwa hiyo ukikuta ekzosi kubwa, geji za ziada kwenye dashibodi na mwenye gari asiyeweza kusema nani alilipanga wala kwa petroli gani, chukulia kwamba pistoni zimeshapigwa hadi kompresheni ithibitishe vinginevyo.

EJ20 zinastahimili zaidi. Hasa EJ207 ya STI, injini ninayoiamini kuliko zote za ukoo huu. Subaru waliiaga EJ20 huko Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, namba ya sigara za mdhamini iliyoandikwa ubavuni mwa Impreza za rali.

Nguvu zimepotea, au zinakuja zikakatika

Sikiliza kwanza. Ukikanyaga ukasikia "fwiii" ya upepo chini ya boneti na nyuma moshi mweusi, mpira wa upepo umepasuka au umechomoka, au pembe za plastiki za intakula zina ufa. Moshi unatoka kwa sababu hewa imeshahesabiwa pale mwanzo na kipima hewa, kontroli boksi imemwaga petroli ya hewa yote, halafu nusu ya hewa imetorokea njiani. Fundi mwenye akili hupaka maji ya sabuni kwenye maungio na kutafuta mapovu.

Kwa sababu hiyohiyo ile valvu ya kupuliza nje, "pshhh" wanayoipenda vijana, inaharibu zaidi ya inavyopamba. Ile ya kiwandani inarudisha hewa ndani. Ikirushwa nje kila unapobadilisha gia, petroli inazidi kwa muda na plagi zinaweusika. Si kasoro ya kukataa gari, ila ni dalili ya aina ya mwenye gari.

Nguvu zikipotea bila kelele, anza na kipima hewa. Filta za kuoshwa zinazopakwa mafuta huacha utando juu yake, na dawa yake ya kusafishia ipo madukani. Kisha vile vipira vidogo vya upepo vinavyoelekeza turbo, ambavyo joto hukausha hadi vikapasuka. Turbo yenyewe iwe ya mwisho kushukiwa. Ila ikiwa imekufa, usifunge mpya kabla ya kujua iliyotangulia ilikufa kwa nini. Kwenye EJ nyingi zenye AVCS, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, kuna chujio dogo sana ndani ya boliti inayopitisha oili inayokwenda kulisha turbo. Likizibwa na oili chafu, turbo inakosa kulainishwa, inaungua, na ya pili itaifuata kwa njia ileile. Muulize muuzaji aliyebadilisha turbo kama hilo chujio lilitazamwa. Jibu lake litakuonyesha fundi wake ni nani.

Linachemsha

EJ zimesifika vibaya kwa gasketi ya silinda hedi, na sifa hiyo inawabebesha WRX mzigo usio wao wote. Zilizovuja sana ni 2.5 zisizo na turbo. Za turbo zina gasketi ya tabaka za chuma na mara nyingi hufa baada ya kuchemshwa na kitu kingine: rejeta yenye kichwa cha plastiki kilichopasuka, feni isiyowaka, maji yaliyojazwa na hewa ikabaki ndani.

Hili la kujaza lina siri. EJ ya turbo ina mifuniko miwili ya maji, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye kitangi kidogo cha chuma juu ya injini. Haifanani kazi, haitakiwi kubadilishana mahali. Na maji hujazwa kupitia kitangi kile cha juu, taratibu, hadi hewa iishe. Fundi aliyezoea Corolla atajaza rejeta, atafunga, na gari litachemsha kesho yake.

Ukitaka kujua kama gasketi imeondoka, tazama chupa ya akiba injini ikiwa na moto. Mapovu yasiyoisha, mipira ya maji iliyokakamaa kama jiwe, sindano inayopanda kwenye mlima na kushuka ukipunguza mwendo, na hita inayotoa baridi: zikikutana mbili kati ya hizo, tafuta gereji yenye dawa ya kupimia gesi kwenye maji. Ni ya bluu, ikigeuka njano gesi ya silinda imo.

Kinachotusumbua zaidi ni ujanja wa kuondoa thamostati, valvu inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate joto. Gari lilichemsha, fundi akaitoa, likaacha kuchemsha mjini, likauzwa. Jaribio la mzunguko wa mtaani halitakuonyesha kitu. Peleka gari barabara ya wazi kwa mwendo wa kawaida. Sindano ikishuka chini ya mahali pake na kubaki huko, thamostati haipo. Injini isiyofika joto lake inakunywa petroli, oili inalegea, na zaidi ya yote unajiuliza ilitolewa ili kuficha nini. Jibu utalipata ukipanda Kitonga, au ukirudi Nairobi kutokea Mai Mahiu. Ni afadhali ulipate muuzaji akiwa kiti cha pembeni.

Gia zinakwaruza, gari linakwama kwenye kona

Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000, wote kwenye Impreza, na hadi leo sifa hizo zinauza magari Kenya. Giaboksi walizotumia si hizi. Ile ya gia tano iliyofungwa kwenye GC8 na GDA ni kiungo dhaifu kuliko vyote, na inavunjwa na mwanzo wa kishujaa wa kuachia klachi kwa mzunguko mkubwa. Gia ya pili ikikwaruza ukiingiza haraka, sinkronaiza imechoka, ishi nayo au panga kuitengeneza. Ukisikia "tak, tak, tak" yenye mdundo kwenye gia moja tu, hasa ya tatu, na gia nyingine zikawa kimya, jino limekatika na kipande chake kinazunguka humo ndani. Giaboksi ya gia sita ya STI, tangu GDB hadi VAB, ni ngumu mno. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipa nyongeza ya bei ya STI juu ya WRX.

Sasa jaribio ambalo wauzaji wengi hawalijui, kwa hiyo hawajalifichia. Endesha gari hadi lipate moto vizuri. Tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho, weka gia ya kwanza, achia klachi bila kukanyaga mafuta. Gari zima linatakiwa kuzunguka kwa ulaini. Likikazana, likiruka-ruka kwa nyuma au kusimama kana kwamba umeshika breki, senta difu imeganda. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapita njia za urefu tofauti kwenye kona, na difu hiyo ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Ikiganda, kila kona inakuwa vita kati ya ekseli mbili, na mshindi ni fundi.

Kinachoigandisha ni tairi. WRX ni gari linalosukumwa na magurudumu yote manne muda wote, na Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Kwetu tairi moja ikipasuka tunanunua moja, tena ya chapa iliyopo dukani. Basi kabla ya jaribio la uwanjani, inama usome pembeni mwa tairi zote: saizi, chapa, kina cha meno. Tatu zilizochakaa na moja mpya yenye vinyweleo ni dalili kamili kabla hujawasha gari. Pili, gari kuvutwa na breakdown magurudumu mawili yakiwa hewani. Hilo linaua senta difu kwa safari moja, na anayelivuta hatakuambia.

Otomatiki ya gia nne ya kizazi cha pili ikionyesha ukakamavu huohuo, mara nyingi ni valvu ya umeme inayogawa nguvu nyuma, nafuu kuliko giaboksi. GDB yenye DCCD, senta difu inayorekebishwa na dereva, huonyesha hitilafu kwa taa kumweka kwenye dashibodi. Klachi inayotetemeka kidogo ukirudi nyuma asubuhi, iache, ni tabia yao.

VAG linasitasita, linavuma

WRX S4 ya 2014 hadi 2021 linawavutia wanaotaka kasi bila kanyagio la klachi, na ni gari la familia zuri kuliko jina lake. Magonjwa yake si ya EJ. FA20 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli na masizi yanajijenga juu yake. Dalili ni mngurumo usiotulia likisimama na kusitasita ukikanyaga kidogo. Dawa ni kufungua na kusafisha, wenye vifaa hurusha unga wa maganda ya jozi. Dawa za kumimina kwenye tangi hazifiki pale.

CVT isikilize ikiwa ya baridi na ikiwa na moto. Mvumo unaopanda na mwendo, si na mzunguko wa injini, unahusu beringi au mnyororo wake. Mtetemo kwenye mwendo wa chini au kuchelewa kushika ukiweka D kunaanzia mara nyingi kwenye oili kuukuu. Hapa nina msimamo: anayesema oili ya CVT ni ya maisha anaongelea maisha ya dhamana. Kwa foleni za Dar na joto lake, gari la kilomita 80,000 ambalo halijawahi kubadilishwa oili hiyo ni la kupunguziwa bei. Na iwe oili yake ya CVT, si ATF, oili ya otomatiki za kawaida, yoyote iliyoko rafuni.

Madogo ya kupitia haraka

Usukani unalia na maji yake yana povu: mara nyingi ni kile kipira cha duara kwenye mrija wa pampu kinachovuta hewa, spea ya bei ya soda. "Kong" ya mbele kwenye GDB ukipita tuta: shokapu zake zimefungwa kichwa chini na hukauka grisi, zitazamwe kabla ya kununua mpya. Na ukinunulia GDB rimu, jua kwamba zile za mapema zina boliti tano kwenye duara la milimita 100, modeli ya 2005 na kuendelea ni tano kwa 114.3. Rimu za rafiki yako huenda zisiingie.

Mkanda wa taimingi, usio na dalili

Huu hauna mlio wala taa. EJ zote, kuanzia GC8 hadi VAB, zinatumia mkanda wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika pistoni zinakutana na valvu. FA20 ina mnyororo, mwenye VAG halimhusu. Gereji za Japani huwa na desturi ya kubandika stika ndani ya chumba cha injini au karibu na mlango wa dereva, yenye tarehe na kilomita za kubadilishwa. Huhitaji kusoma Kijapani, tarakimu zinasomeka. Zilinganishe na dashibodi. Stika ikisema mkanda ulibadilishwa kwenye 112,000 na dashibodi inasoma 87,000, umeshajua kilichofanyiwa mita.

Stika haipo na risiti haipo, basi mkanda haujabadilishwa, haidhuru ameapa vipi. Piga bei ya seti nzima kwa muuza spea wa Kirinyaga Road au Kariakoo palepale ukiwa na muuzaji: mkanda, roli zake, kikazio, na pampu ya maji iliyoko nyuma yake. Ongeza ufundi wa siku moja. Jumla hiyo iondoe kwenye bei unayomtajia.